Sampuli ya Mlango wa Kizazi: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kuondoka Kituoni

Mwanamke anayetoka Msimbati au Kilambo kwenda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi Mtwara mjini hutumia nauli na siku nzima ya kazi. Ni haki yake kujua kama kilichochukuliwa mwilini mwake kinafaa kusomwa.

Katika zahanati na vituo vya afya vingi nchini hutumika kipimo cha siki. Mhudumu hupaka asidi ya asetiki kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, kisha hutazama kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe. Hapa hakuna sampuli, na jibu hupatikana papo hapo. Kwa aliyekoma hedhi, sehemu inayopaswa kutazamwa mara nyingi huwa imerudi ndani. Aulize kipimo kingine.

Kipimo cha Pap ndicho chenye sampuli ya kuharibika. Chembe hukwanguliwa kwa kijiti au brashi ndogo, hupakwa kwenye kioo, nacho hutiwa alkoholi mara moja. Zikikauka kabla ya hapo hazisomeki vema, na joto la pwani yetu halingoji mtu. Damu nyingi nayo huzificha; kwa hiyo usiende ukiwa katika hedhi, wala usijioshe ndani au kutumia dawa za ukeni siku 2 kabla.

Kabla ya kuondoka, omba uone jina lako kwenye kioo na kwenye fomu. Akina Fatuma na Zainabu ni wengi pwani hii, na umri au kijiji ndivyo vitakavyowatenganisha. Acha namba ya simu ya pili, hasa ikiwa huvuka Ruvuma mara kwa mara kwenda kwa jamaa. Uliza pia majibu yatarudi lini.

Ukiambiwa kwamba sampuli “haitoshelezi”, usielewe kuwa u mzima, wala usidhani kuwa una saratani. Maana yake ni kwamba maabara haikupata cha kusoma. Kwa kawaida kipimo hurudiwa baada ya miezi 2 hadi 4. Omba tarehe iandikwe kwenye kadi yako.

Mwenye kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, asingoje majibu hayo. Amweleze mhudumu siku hiyohiyo na aombe rufaa ya kwenda Hospitali ya Ligula, hata kama kipimo chake cha mwisho kilikuwa safi.