Kuacha Kazi na Kurudi Masomoni Ukubwani: Haki Zinazotangulia Barua ya Kujiuzulu



Ndugu msomaji, ukiingia katika kumbi zetu za mihadhara utakuta wanafunzi wa aina mbili. Wamo waliotoka sekondari moja kwa moja, na wamo kaka na dada wenye miaka thelathini au arobaini: walimu wa shule za msingi, wauguzi, makarani, wenye maduka. Wengi wao wana ndoa na watoto. Hapa Uganda mlango wa chuo kikuu haukufungwa kwao, kwani mwenye miaka 25 au zaidi anaweza kufanya mtihani wa kujiunga uliowekwa kwa ajili ya watu wazima. Walimu nao wanasukumwa na Sera ya Kitaifa ya Walimu ya mwaka 2019, inayotaka kila mwalimu awe na shahada.

Kwa hiyo swali hili huulizwa kila mwaka katika halaqa zetu: je, niache kazi ya mshahara nikasome muda wote? Wazee hujibu kwa methali, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Vijana hujibu kwamba elimu ni faradhi na rizki iko kwa Allah (s.w.). Kila upande una sehemu ya ukweli. Darsa hili linajaribu kuupanga ukweli huo kwa utaratibu wa dini yetu.

1. Umri si kizuizi

Imamu Bukhari, katika Kitabu cha Elimu ndani ya Sahihi yake, ametaja nasaha ya Umar (r.a.) kuwa watu wajifunze dini kabla hawajapewa uongozi. Kisha Bukhari akaongeza neno lake mwenyewe: hata baada ya kupewa uongozi, kwa sababu Masahaba wa Mtume (s.a.w.) walijifunza wakiwa watu wazima. Hakutaka msomaji aielewe nasaha ya Umar kuwa aliyechelewa amekwisha kukosa.

Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, yuko imamu aitwaye al-Qaffal al-Marwazi, aliyefariki mwaka 417 Hijria. Jina lake lenyewe linatokana na kazi yake, kwani alikuwa fundi wa kutengeneza kufuli, na hodari sana. Wanahistoria wanaeleza kuwa alianza kusoma fikihi akiwa na miaka thelathini hivi. Leo rai zake zinasomwa pamoja na za waliohifadhi Qur'ani utotoni. Basi dada au kaka mwenye ndevu za mvi asione haya kukaa dawati moja na mtoto wa miaka kumi na tisa.

2. Kusoma si lazima uache kazi

Hapa ndipo wengi wetu tunaporuka hatua. Tunasikia fadhila za elimu, tukadhani fadhila hizo hazipatikani mpaka mtu aandike barua ya kujiuzulu.

Umar (r.a.) anasimulia, katika hadithi iliyomo kwa Bukhari, kwamba yeye na jirani yake wa Kiansari walikuwa wakikaa pembezoni mwa Madina, wakipokezana kwenda kwa Mtume (s.a.w.). Siku moja alishuka huyu, siku ya pili yule, na aliyeshuka alimletea mwenzake habari za wahyi na mengineyo ya siku hiyo. Huyo ni Umar, na shughuli zake hazikusimama. Alichofanya ni kuigawa siku, akapata na mwenzake wa kushirikiana naye.

Kwa upande wa pili tunaye Abu Hurayra (r.a.). Alieleza mwenyewe kuwa Muhajirina walishughulishwa na masoko na Ansari wakashughulishwa na mali zao, lakini yeye alimwandama Mtume (s.a.w.) akiridhika na cha kujaza tumbo tu. Alikuwa katika watu wa Suffa waliokaa msikitini bila shamba wala biashara. Matunda yake tunayaona katika wingi wa hadithi alizopokea.

Njia zote mbili ni za Masahaba, na hatuwezi kuilaumu hata moja. Swali la kujiuliza ni: mzigo ulio mabegani mwangu leo unafanana na wa nani? Asiye na wa kumlisha anaweza kuchukua njia ya Abu Hurayra. Mwenye mke, watoto watatu na mama mgonjwa kijijini aanze kuitazama njia ya Umar: masomo ya jioni, ya wikendi, au yale ya likizo ambayo walimu wengi wanayatumia. Mwajiriwa wa serikali aulize kwanza utaratibu wa likizo ya masomo kabla hajafikiria kujiuzulu.

3. Haki ya wanaokutegemea

Tupange hukumu. Elimu ambayo ni faradhi kwa kila Mwislamu, kama tohara, swala na hukumu za biashara anayoifanya, haimtaki mtu aache kazi. Inapatikana msikitini baada ya Isha. Shahada ya chuo kikuu, hata ya taaluma za dini, kwa mtu mmoja mmoja mara nyingi ni jambo la kheri au faradhi ya kutosheleza, inayobebwa na baadhi kwa niaba ya wote. Ama matumizi ya mke na watoto wadogo, hayo ni faradhi juu ya mume na baba mwenyewe. Hakuna wa kumbebea kwa kuwa tu yeye yuko maktaba.

Katika Surat at-Talaq, aya ya 7, Allah (s.w.) amemwamrisha kila mmoja atoe kwa kadiri ya uwezo wake, aliye na wasaa na aliyebanwa pia. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa inamtosha mtu kuwa na dhambi kule kuwapoteza wale anaowalisha. Kwa hiyo nia njema ya kusoma haifuti deni la chakula.

Mfano mzuri ni Imamu al-Ghazali. Alikuwa mwalimu wa Madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, cheo kilichotamaniwa na kila mwanachuoni wa zama zake. Mwaka 488 Hijria, sawa na 1095 Miladia, aliacha kazi hiyo akaenda kuitafuta elimu ya moyo. Wengi hukitaja kisa hiki kama dalili ya kuacha kila kitu kwa ajili ya elimu. Lakini kisome anavyokieleza mwenyewe katika kitabu chake al-Munqidh. Alisitasita kwa karibu miezi sita. Na alipoigawa mali yake, alibakisha kiasi cha kutosha na chakula cha watoto. Mtu aliyeacha cheo kikubwa hakuacha jiko la nyumbani kwake likiwa baridi.

Hili ndilo kiini cha darsa letu: kabla hujauliza kama inafaa kuacha kazi, angalia unaacha nini nyumbani.

Wapo watakaosema huku ni kukosa tawakali. Tuwakumbushe hadithi ya aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga, akaambiwa amfunge kisha atawakali. Kutawakali kwa tumbo lako mwenyewe ni ibada. Ukitawakali kwa tumbo la mtoto ambaye hukumshauri, umemchukulia haki yake.

4. Dada zetu

Kwa dada mwenye kazi hesabu ni tofauti. Mshahara wake ni mali yake, na matumizi ya nyumba yako juu ya mumewe. Akiacha kazi akasome, kisheria hakuivunja haki ya matumizi ya mtu. Linalobaki kwake ni maelewano na mumewe juu ya muda, safari na malezi. Wanawake wa Madina walimwomba Mtume (s.a.w.) awawekee siku yao ya kujifunza, naye akawawekea. Mume anayekumbuka hilo hatamwona mkewe mwanafunzi kuwa ni mzigo.

Kinyume chake pia kipo: mume anayeacha kazi huku akiutegemea mshahara wa mkewe. Zaynab, mke wa Ibn Masud (r.a.), aliuliza kuhusu kumpa mumewe sadaka, akajibiwa kuwa ana ujira mara mbili, wa udugu na wa sadaka. Angalia jina lililotumika: sadaka. Basi usiiandike mali ya mkeo katika bajeti yako kabla hajasema ndiyo kwa hiari yake. Akikusaidia, jua kuwa hicho ni kipawa, wala hakumwondolei mkeo haki yake ya kupumzika na kuheshimiwa.

5. Andika hesabu

Chukua karatasi. Tutumie namba za mfano. Familia inatumia shilingi 450,000 kwa mwezi. Kwa miaka 3, yaani miezi 36, ni 16,200,000. Ada, tuseme 1,200,000 kwa muhula, mihula 6, ni 7,200,000. Jumla ni 23,400,000.

Upande wa pili andika ulichonacho. Akiba ni 6,000,000. Mkeo ameahidi kwa ridhaa yake 250,000 kila mwezi, ambayo ni 9,000,000 kwa muda wote. Jumla ni 15,000,000. Pengo ni 8,400,000, kama 233,000 kila mwezi.

Sasa lipe pengo hilo jina. Ni masomo ya ziada utakayofundisha jioni? Ni kodi ya chumba mjini? Ni kuahirisha mwaka mmoja uongeze akiba? Usiandike "Allah atajaalia" kwenye mstari huo, kwani hiyo ni dua, na mahali pake ni kwenye sijda. Tunaowaona wakiondoka katikati ya masomo mara nyingi hawakushindwa na mitihani. Waliingia na pengo lisilo na jina, likawasubiri.

Usiihesabu pia akiba ya NSSF kana kwamba iko mfukoni. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, mwanachama wa kawaida huruhusiwa kuchukua sehemu ya akiba yake, asilimia 20, akiwa amefika miaka 45 na amechangia kwa miaka 10. Mwalimu wa miaka 32 haimsaidii sasa.

6. Mkopo na zaka

Pengo linapokuwa kubwa, mkopo wa riba huja na tabasamu. Aya za mwisho za Surat al-Baqara, kuanzia ya 275, zinatosha kututisha. Tafuteni karadha njema kwa ndugu, na iandikwe kama aya ya 282 inavyoamrisha, hata kati ya kaka na kaka. Benki ya Kiislamu nayo ipo nchini tangu Salaam Bank ilipopewa leseni mwaka 2023. Ulizeni, someni masharti, waonesheni masheikh.

Kuhusu zaka, Imamu an-Nawawi katika al-Majmu' ameeleza kuwa mtu anayeweza kufanya kazi, lakini ameshughulika na elimu ya sheria kiasi kwamba kazi ingemkatisha, anaweza kupewa zaka, kwa kuwa elimu hiyo ni faradhi ya kutosheleza. Lakini akaongeza sharti zito: ambaye hakuna matumaini ya kufaulu kwake, naye anaweza kuchuma, zaka si halali kwake hata akiwa anaishi madrasani. Basi mwanafunzi wa zaka asiyehudhuria mihadhara ajitazame upya.

7. Ondoka kwa wema

Aya ya kwanza ya Surat al-Maida inatuamrisha kutimiza mikataba, na mkataba wa kazi ni mmoja wapo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inataka notisi ya mwezi 1 kwa aliyefanya kazi kati ya mwaka 1 na miaka 5, miezi 2 kwa miaka 5 hadi 10, na miezi 3 kwa aliyezidisha miaka 10. Toa notisi kamili, kabidhi funguo na daftari, waage wenzako. Mwalimu asiwaache watoto wa darasa la saba wiki ya mitihani. Huenda ukarudi kuomba kazi kwenye mlango huohuo.

8. Shura, kisha istikhara

Washauri mkeo au mumeo, wazazi, na mtu mmoja aliyepita njia hii. Kama unawasomesha wadogo zako, waambie mapema ili wajipange. Hilo huenda si wajibu wako kisheria, lakini kuwakatia ghafla si ihsani. Kisha swali rakaa mbili za istikhara kama zilivyokuja katika hadithi ya Jabir (r.a.). Usingoje ndoto. Endelea na jambo lako. Likifunguka shukuru, likifungika shukuru pia, kwa sababu ndilo uliloomba.

Ukikuta hesabu inakubali, haki zimelindwa na nyumba imeridhia, njoo. Nafasi yako safu ya mbele ipo. Ukikuta haijakubali mwaka huu, endelea kulea familia yako na usome jioni. Kumlisha mtoto ni ibada pia, na al-Qaffal hakuwa amechelewa akiwa na thelathini.

Maswali ya halaqa

1. Ni lini mtu anafanana na Abu Hurayra, na ni lini anafanana na Umar na jirani yake?
2. Kila mmoja aandike hesabu yake ya miezi 36. Pengo lako lina jina gani?
3. Jumuiya yetu ifanye nini ili mwanafunzi mwenye familia asikatishwe masomo na ada ya muhula mmoja?

Allah atujaalie elimu yenye manufaa na rizki ya halali, na asitufanye sababu ya kupotea haki za tunaowalisha. Amin. Wallahu a'lam.