Hata wa geti kali ana hadithi

Wadogo zangu, leo ni zamu ya ninyi mnaoandika hadithi fupi. Mmoja anasema, "Dada, nataka kuandika habari za walalahoi, ila mimi nimekulia geti kali. Si watasema nadandia yasiyonihusu?" Mwingine analalamika kwamba mji wao ni mdogo, hauna cha kuandikwa. Nawajibu kwa pamoja, na shahidi wangu ni mwandishi Katherine Mansfield.

Huyu alizaliwa Wellington, Nyuzilandi, mwaka 1888. Baba yake, Harold Beauchamp, alikuwa mfanyabiashara aliyekuja kuwa mwenyekiti wa Bank of New Zealand. Mtoto wa wenye nazo, basi. Lakini mwaka 1893 familia ilihamia Karori, wakati huo shamba nje ya mji, na binti akasoma shule ya pale pamoja na watoto wa kila aina.

Maisha hayo ndiyo yaliyozaa "The Doll's House", hadithi iliyotoka mwaka 1922. Mabinti wa Burnell wameletewa nyumba ya mwanasesere. Wenzao wa shule wanaalikwa kuiona, wawili wawili, isipokuwa Lil na Else Kelvey, watoto wa mfua nguo. Baba yao inasemekana yuko jela. Sasa mtazame Lil alivyovaa. Gauni limeshonwa kwa kitambaa cha meza cha kijani kilichotoka kwa akina Burnell, na mikono yake ni mapazia mekundu ya nyumba nyingine. Yaani mtoto anakwenda shule amevaa kitambaa cha meza ya wanafunzi wenzake! Baada ya hapo mwandishi ana haja gani ya kuhubiri kuhusu matabaka?

Kwa hiyo, mdogo wangu, anza kwa kutafuta kitu kilichovuka kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Mtaani kwenu kilikuwa nini? Sare iliyombana binti wa bosi, akapewa mtoto wa dada wa kazi? Ukoko wa pilau uliopelekwa nyumba ya uani baada ya shughuli? Nani aliupokea, na alisema nini? Andika hicho. Msomaji atajua mwenyewe pa kuumia.

Pili, simama pale uliposimama kweli. Mansfield hakujifanya mtoto wa mfua nguo. Tunamfuata Kezia, binti wa Burnell, anayemwomba mama yake awaalike akina Kelvey japo mara moja, anakataliwa, kisha siku moja anawafungulia geti. Mama yake mdogo, Beryl, anatokea na kuwafukuza. Angalia aliyelipa: Kezia amekemewa, lakini ameingia zake ndani kwao, wenzake wametimuliwa njiani. Wewe wa geti kali, hadithi yako iko hapo. Uliambiwa usicheze na nani? Ulitii? Kama hukutii, nani alibeba aibu? Ukijitoa kwenye hadithi ili uonekane mwema, umeiua. Na wewe uliyekuwa nje ya geti, usiwafanye wa ndani wote kuwa mashetani. Beryl siku hiyo ana mahangaiko yake, na hasira anaimalizia kwa wasioweza kumjibu. Ukorofi wa namna hiyo tunaujua sote.

Tatu, usikate tamaa kama mji wenu bado hauandikiki. Mansfield aliondoka Nyuzilandi mwaka 1908, hakurudi tena. Mwaka 1915 kaka yake mdogo, Leslie, alikufa akiwa mwanajeshi Ubelgiji, na tangu hapo akaanza kuiandika Wellington kwa dhati. "The Doll's House" aliiandika mwaka 1921 akiwa Uswisi, anaumwa kifua kikuu. Mji aliokuwa na hamu ya kuukimbia ndio uliompa hadithi zake bora.

Tahadhari moja: badilisha majina na alama. Jirani hakukupa maisha yake uyaanike.

Kazi ya wiki hii ni ukurasa mmoja tu: kitu kimoja kilichovuka geti, na mtu aliyekipokea. Neno "maskini" na neno "tajiri" marufuku. Ukikwama bila maneno hayo, ujue bado hujamtazama mtu wako vya kutosha.

Dada yenu.