Posho ya Msafiri: Mafundisho Juu ya Chakula cha Mtu wa Kazi, kwa Mfano wa Nchi ya Ugogo

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu mwenye kuruzuku, ndugu msomaji, jua ya kuwa watu wa pwani yetu waendao bara kwa ajili ya kazi ni wengi. Mwaka 1973 ilikatwa shauri makao makuu ya Tanzania yawe Dodoma, na mwaka 2018 jambo hilo likatiwa katika sheria. Na tangu mwaka 2024 garimoshi la umeme lamchukua mtu kutoka Dar es Salaam hata Dodoma kwa muda wa saa chache tu. Basi huenda huko waashi, madereva, wachukuzi wa mizigo, wafanyi biashara na makarani.

Wengi katika hao, wafikapo, hukitazama chakula cha nchi ile kwa jicho la dharau. Huona unga wa uwele si mweupe, na mlenda wateleza, wakatafuta wali mweupe, mkate mweupe na chai yenye sukari nyingi, wakadhani hicho ndicho chakula cha watu wastaarabu. Kisha kabla ya adhuhuri nguvu zawaishia kazini, nao hulaumu jua na vumbi. Makusudi ya maandiko haya ni kubainisha ya kuwa chakula hakipimwi kwa weupe wake wala kwa bei yake. Hupimwa kwa manufaa yake katika mwili, na kwa kadiri ya kazi ya mwenye kukila.

FUNGU LA KWANZA: Aina tatu za chakula

Vyakula vyote, vijapokuwa vingi kwa majina, asili zake zilizo kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni wanga, na sukari ni katika jamii yake. Huu hupatikana katika nafaka, muhogo, viazi, ndizi na tende. Wanga ni kama kuni zishikazo moto upesi. Mtu akifanya kazi ya nguvu, mwili huuchoma huo kwanza.

Ya pili ni protini, nayo hupatikana katika nyama, samaki, mayai, maziwa, kunde, choroko, maharagwe, njugu mawe na karanga. Kazi yake kubwa si kuchomwa. Kazi yake ni kujenga misuli na damu, na kutengeneza kilichochakaa, kama fundi atengenezaye nyumba.

Ya tatu ni mafuta, yaliyomo katika karanga, ufuta, alizeti, nazi, samli na nyama iliyonona. Mafuta ni gogo kubwa, hushika moto polepole na huwaka muda mrefu.

Wataalamu hupima nguvu ya chakula kwa kipimo kiitwacho kalori. Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, gramu moja ya protini kalori 4, na gramu moja ya mafuta kalori 9. Zingatia hesabu hii, kwa maana mafundisho yote yafuatayo yamejengwa juu yake: mafuta hubeba nguvu zaidi ya mara mbili kwa uzito ule ule.

Na pamoja na hayo matatu mwili hauna budi na maji, chumvi, na vitu vidogo vidogo vipatikanavyo katika mboga na matunda. Navyo havitoi kalori, lakini pasipo hivyo kazi ya mwili haiendi.

FUNGU LA PILI: Hesabu ya kibaba cha mpagazi

Ukitaka kuona jambo hili kwa mfano, wakumbuke wapagazi wa misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji. Njia yao ilipita Mpwapwa na Ugogo. Kati ya Mpwapwa na Ugogo palikuwa na pori lisilo na maji matamu, likiitwa Marenga Mkali. Misafara ilijaza maji Chunyo, ikaondoka baada ya adhuhuri kwa mwendo ulioitwa tirikeza, ikalala njiani pasipo maji, ikafika kwenye visima siku ya pili. Burton alipita huko mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, na wote wawili wameeleza taabu yake.

Mpagazi alibeba mzigo wa ratli 60 hata 70, yaani frasila mbili au karibu yake. Na posho yake ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Kibaba ni kama ratli moja na nusu, yaani gramu 680 hivi. Haya, natufanye hesabu.

Gramu 100 za mtama hutoa kalori kama 340. Basi kibaba kimoja hutoa kalori kama 2,300. Ama mtu aendaye kwa miguu saa nne au tano na mzigo kama ule, kisha akakata kuni, akateka maji na kujenga kambi, mwili wake huchoma kwa makadirio kalori 3,000 na zaidi, hata zikafika 3,500. Basi kila siku ya safari alipungukiwa na kalori kama 1,000.

Ukiuliza: Je, hakupungukiwa na protini? Jawabu: Kibaba cha mtama kina protini kama gramu 70, na mtu mzima wa kilo 60 asiye na kazi nzito yamtosha kama gramu 48 kwa siku. Kwa uzito, basi, haikuwa haba, ijapokuwa protini ya nafaka peke yake ina upungufu tutakaoutaja. Upungufu mkubwa ulikuwa katika nguvu, na khususan katika mafuta, kwani kibaba kizima kina mafuta kama gramu 20 tu.

Hapa ndipo wengi wakosapo hata leo. Mchukuzi akichoka hudhani ya kuwa yamlazimu nyama. Naam, nyama ni njema, lakini mwili uliokosa kuni huichoma hiyo protini ya nyama iwe kuni, na fundi hubaki bila matofali. Kwanza zikamilike kuni, ndipo fundi afanye kazi yake.

FUNGU LA TATU: Mwili uliokosa kuni

Mwili una ghala mbili. Ghala ya wanga ni ndogo: katika ini na misuli hukaa kama gramu 400 hata 500 tu, na kazi nzito mfululizo kwa muda wa saa mbili hivi huweza kuipunguza sana. Hapo ndipo magoti hulegea na kichwa kikazunguka. Ghala ya mafuta ni kubwa, lakini mlango wake ni mwembamba. Hutoa nguvu polepole, haiwezi peke yake kutosheleza kazi ya haraka.

Na ikiwa njaa yaendelea siku nyingi, mwili huanza kula misuli yake wenyewe, mfano wa mtu avunjaye milango ya nyumba yake apate kuni za kupikia. Ugogo iliyaona hayo katika njaa kuu iitwayo Mtunya, ya miaka 1917 hata 1920. Katika vita vile vikuu majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo; kisha mvua zikakosekana, na watu maelfu wakafa. Hawakufa kwa ujinga wa kulima. Walinyang'anywa akiba yao, na nchi ile ina msimu mmoja tu wa mvua, baina ya Desemba na Aprili, na wastani wake ni kama milimeta 570 kwa mwaka. Penye msimu mmoja, mwenye kupoteza ghala amepoteza mwaka mzima.

FUNGU LA NNE: Chakula cha Ugogo na hekima yake

Sasa kitazame chakula kile kinachodharauliwa. Ugali wa uwele au wa mtama ndio kuni. Gramu 100 za uwele zina protini kama gramu 11 na mafuta kama gramu 5, lakini mchele mweupe kwa uzito huo una protini kama gramu 7, na mafuta hayafiki gramu 1. Tena uwele una madini ya chuma zaidi. Na kwa kuwa husagwa pamoja na ganda lake, nyuzinyuzi zake hufanya wanga uingie katika damu polepole, na nguvu hukaa muda mrefu. Sukari na mkate mweupe huingia upesi, hupanda upesi, na hushuka upesi.

Tulisema protini ya nafaka ina upungufu: kuna sehemu moja ya ujenzi iliyo kidogo ndani yake. Sehemu hiyo ni nyingi katika kunde, choroko na njugu mawe. Basi vikiliwa pamoja, kila kimoja humtimizia mwenziwe. Na sisi wa pwani tulao wali kwa maharagwe twafanya hivyo hivyo pasipo kujua sababu yake. Maziwa ya ng'ombe, mabichi yaliyochemshwa au ya mgando, nayo hutimiza upungufu huo. Mlenda na mboga nyingine za majani hutoa madini na vitamini, na ubuyu una vitamini C kwa wingi.

Ama mafuta, huko hupatikana katika alizeti na karanga. Gramu 100 za karanga zina mafuta kama gramu 49, protini kama gramu 26, na kalori zaidi ya 560. Irudie hesabu ya mpagazi: zile kalori 1,000 zilizopungua, kwa nafaka ni gramu 300 za kubeba, kutafutiwa maji na kupikwa, kwa karanga ni gramu 180 tu, nazo zikiisha kukaangwa haziuliizi kuni wala sufuria. Mboga ikitiwa karanga zilizopondwa imegeuka kuwa posho ya mtu wa kazi.

Na thamani ya mafuta haikujulikana kwa wanyonge tu. Baada ya vita vya pili vya dunia Waingereza walipungukiwa na mafuta ya kula, wakaja kulima karanga Kongwa, katika nchi hii hii ya Ugogo, mwaka 1947. Walitaka kulima mamilioni ya ekari kwa mitambo. Lakini mibuyu na vichaka viliwashinda, udongo ulipokauka ulikuwa mgumu kama sakafu, na mvua hazikutosha. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukaachwa, baada ya kupotea kama pauni milioni 36. Jifunze hapa ya kuwa haja yao ilikuwa ya kweli, ila hawakuisoma nchi kwanza. Na asomaye nchi huanza kwa kuuliza wenyeji hula nini, na kwa nini.

FUNGU LA TANO: Tahadhari ya kuvu

Karanga na mahindi visipokaushwa vema huota kuvu, na kuvu hiyo hutia sumu iharibuyo ini. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumu hiyo, na 20 katika hao wakafa. Kupika hakuiondoi. Basi anika juu ya turubai wala si juu ya udongo, weka mahali pakavu, chambua punje zilizooza au kubadilika rangi uzitupe, na usinunue karanga chungu kwa kuwa ni rahisi.

FUNGU LA SITA: Nyakati za kula, na kazi katika mwezi wa Ramadhani

Mwenye kazi nzito na ale wanga wa nafaka nzima kama saa mbili au tatu kabla ya kuanza, na asizidishe mafuta wakati huo, kwa kuwa hukaa tumboni muda mrefu. Akiwa kazini na anywe maji mara kwa mara. Na kazi ikiwa ndefu, zabibu au tende chache huongeza kuni pasipo kulemea tumbo. Baada ya kazi na ale wanga na protini pamoja, ghala ijae na fundi apate matofali. Mafuta na yawe katika chakula cha jioni.

Katika Ramadhani, ghala ya wanga iliyo katika ini hupungua sana kabla ya magharibi. Kwa hiyo daku isiachwe, na icheleweshwe. Uji au ugali wa uwele pamoja na maziwa au kunde hudumu kuliko chai na mkate. Jioni, tende na maji huujaza mwili kwa upole. Kisha chakula kamili, si vitumbua na sharubati peke yake. Kazi nzito, kama yawezekana, na ifanywe asubuhi mapema. Na mwenye ugonjwa wa sukari asifunge wala asibadili dawa kabla ya kumwuliza tabibu wake.

HATIMA

Limebaki neno moja, nalo ni la makarani na wenye maduka. Hesabu iliyompunguzia mpagazi kalori 1,000 ndiyo hiyo hiyo imzidishiayo mtu akaaye kitini. Asiyebeba mzigo akila kama mbebaji, ziada huwekwa mwilini kuwa mafuta, na nyuma yake hufuata sukari na shinikizo la damu. Huyo na apunguze ugali na sukari, azidishe mboga na kunde, na atembee.

Basi, ndugu yangu, ukishuka katika garimoshi Dodoma ukaandikiwa ugali wa uwele, mlenda wa karanga na maziwa ya mgando, usitazame rangi. Tazama: kuni zimo, matofali yamo, gogo la kuwaka muda mrefu limo. Kisha jiulize leo una kazi gani, ukale kwa kadiri ya kazi hiyo. Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.