Matunzo ya Mtoto Hayangoji Mnada wa Korosho

Mama mmoja wa Ruangwa ameniandikia. Mzazi mwenzake amerudi kwao Nachingwea. Waliandikiana kwa mtendaji wa kijiji: baba atatoa elfu hamsini kila mwezi, mtoto atakwenda kwake likizo. Msimu wa korosho alitoa. Ilipofika Februari akanyamaza, na mama akakataa kumruhusu mtoto. Sasa baba anasema anakuja kumchukua kwa kuwa ametimiza miaka saba.

Dada yangu, hiyo miaka saba isikutishe. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inachukulia kwamba aliye chini ya miaka saba ni vyema akae na mama. Haikusema akiivuka anakuwa wa baba. Mahakama inaangalia maslahi ya mtoto, na matakwa yake kama anaweza kujieleza.

Lakini kumzuia asiende umekosea, na hapa ndipo kina mama wengi wanaponasa. Matunzo ni haki ya mtoto, kumwona baba yake nako ni haki ya mtoto, na moja si rehani ya nyingine. Baba hatoi? Mshtaki. Ukimficha mtoto, mbele ya hakimu mkorofi ni wewe, na mkwepaji anatoka kifua mbele.

Karatasi ya mtendaji ni ushahidi, si amri ya mahakama. Ipeleke ustawi wa jamii pale halmashauri. Baba akikaidi, nenda mahakama ya watoto. Omba ratiba inayofuata mfuko wa mkulima: kiasi kidogo kila mwezi, sare na madaftari yalipwe minada ya ufuta na korosho. Atasema hana kitu. Taja chama chake cha msingi: korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani, kilo zake zimeandikwa, malipo yamepita benki. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka hakimu apime kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi.

Sheria hiyo nayo ina pengo. Iliifuta ile ya zamani iliyomwekea mtoto wa nje ya ndoa kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, aibu tupu, lakini haikuweka kiwango cha chini hata kimoja. Kila hakimu na hesabu yake.

Unasema mtendaji alidai "hela ya karatasi" kabla ya kugonga muhuri. Safari ijayo mwambie akuandikie risiti ya serikali kwanza, uone kama ataendelea kuidai.