Maswali ya Kunong'ona: Fundi wa Nguo za Ndani Anajibu

Maswali haya hunifikia dukani kwa kunong'ona. Mteja anashikashika vitenge, anauliza bei ya uzi asioutaka, kisha anasogea: "Mama, yale makufuli unayo?" Leo nayajibu kwa sauti.

Shikamoo mama. Nimeuziwa mnadani sidiria ya mtumba imeandikwa C75. Mimi nimezoea 34. Itanitosha? (Bunda)

Marahaba mwanangu. Herufi ikitangulia namba, hiyo mara nyingi ni ya Japani. Ulaya wao huandika 75C. 75 ni sentimita za chini ya matiti, pale unapokaa mkanda, na inakaribia sana 34 yako. Herufi ni tofauti ya kipimo hicho na kile cha juu ya chuchu. Kwa Wajapani, tofauti ya sentimita 10 ni A, 12.5 ni B, 15 ni C. Kwa hiyo mwenye C75 ana 75 chini na 90 juu.

Sasa geuza futi upande wa sentimita, izungushe, shusha pumzi, soma. Wengi hawajawahi kupimwa. Mteja ananiambia "mimi 36" kwa kuwa dada yake ni 36, na mkanda unampanda mgongoni hadi karibu na shingo. Mkanda ukipanda, ni mkubwa; usihangaike kufupisha kamba za mabegani.

Ila hiyo sidiria haikupaswa kukufikia. Soma jibu linalofuata.

Kwa nini TBS wakataze chupi za mtumba na suruali waziache? Nikichemsha je? (Musoma)

Shirika la Viwango halitaki chupi, sidiria wala soksi zilizovaliwa, kwa sababu hizo hulala kwenye ngozi laini na hunywa jasho na majimaji ya mwili. Suruali haifiki huko. Watu huchanganya katazo hili na lile azimio la mwaka 2016, nchi za Afrika Mashariki zilipotaka kuondoa mitumba yote kufikia 2019. Lile lilikuwa la kulinda viwanda, Marekani ikang'aka, na mwisho Rwanda peke yake ndiyo iliyoshikilia.

Kuchemsha kunaua vijidudu vingi, na lastiki pia. Chupi isiyo na lastiki utaishikilia kwa mkono kuanzia stendi mpaka nyumbani.

Mama mkwe hataki chupi zionekane kwenye kamba. Naanika chini ya kanga, lakini zinanuka. (Butiama)

Mama mkwe wako angeelewana sana na wanawake wa Tokyo. Kule wengi huanika chupi ndani ya nyumba, au hutumia hanga ya vibanio vingi: taulo zinazunguka nje, chupi zinaning'inia katikati. Wanaogopa wezi wa nguo za ndani, na wapo kweli. Lakini angalia ujanja wao: taulo inaficha bila kugusa, upepo unapita. Kanga yako imeilalia chupi mbichi, hewa haipiti, na fangasi wanapenda hapo hapo.

Funga kamba mbili, ziachane kama dhiraa moja. Kanga iwe upande wa njia, chupi upande wa jua. Heshima ya mama mkwe imebaki na chupi imekauka.

Ni kweli mabibi zetu hawakuvaa chupi? (Musoma)

Bibi alikuwa na kaniki, wengine gagulo. Babu alipiga winda. Japani hivyo hivyo: mwanaume alikuwa na fundoshi, ambayo ni winda hasa, na mwanamke koshimaki, kitambaa cha kuzungushia kiunoni chini ya kimono. Kuna kisa maarufu kwamba duka la Shirokiya la Tokyo lilipoungua Desemba 1932, wanawake walianguka na kufa kwa kuwa waliachia kamba za kujiokolea ili washike kimono zisifunuke, na tangu hapo Japani ikavaa chupi. Mtafiti Shoichi Inoue alikichunguza, akaona hakisimami. Mimi namwamini. Anayeokoa roho hakumbuki upepo. Mavazi ya Kizungu ndiyo yaliyowabadilisha, polepole. Kampuni ya sidiria ya Wacoal, ya Kyoto, ilisajiliwa mwaka 1949 tu.

Lebo inasema pamba tupu. Nitajuaje? (Bunda)

Wewe wa Bunda, uliyezaliwa katikati ya mashamba ya pamba, unaniuliza mimi! Chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, si ule wa lastiki, uchome kwa kiberiti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na majivu yake yanasagika kidoleni. Nailoni inajikunja, inayeyuka, inabaki kitone kigumu. Kama huwezi kununua pamba tupu, angalia angalau kile kipande cha chupi kinachokaa katikati ya miguu. Kikiwa nailoni, niletee na fulana kuukuu ya pamba, nikushonee kingine juu yake.