Mtoto wa Migato Aongeleshwe kwa Lugha Gani?

Migato ni kata ya Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu, wilaya iliyogawanywa kutoka Bariadi mwaka 2012. Kisukuma ndiyo lugha ya nyumbani kwa familia nyingi za huko. Kiswahili hutawala shuleni na katika huduma za serikali. Mhudumu wa afya anayetoa elimu ya malezi katika mazingira hayo hukabiliwa na swali zito: mtoto mchanga aongeleshwe kwa lugha ipi?

Aongeleshwe kwa lugha ambayo mlezi anaimudu vyema. Mama anayeshauriwa kuacha Kisukuma ili mtoto asije akachelewa shuleni hujikuta akisema machache: amri mbili tatu kwa Kiswahili, kisha kimya. Kinachopotea hapo ni mazungumzo yenyewe, pamoja na hadithi na utani wa bibi. Ushauri wa namna hiyo, hata ukitolewa kwa nia njema, humpunja mtoto. Aliyekwisha kumfahamu *mbuli*, chakula chake na mlio wake, akifika darasa la awali atajifunza neno "mbuzi" tu, kwani dhana anayo tayari. Tena, kukua na lugha mbili hakumdumazi mtoto, na kuzichanganya katika sentensi moja si dalili ya ugonjwa.

Mawasiliano hutangulia maneno. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito mtoto huisikia sauti ya mama yake, na akizaliwa huitambua. Kwenye miezi miwili hivi huanza kutoa sauti za kuitikia. Kabla ya kutimiza mwaka hurudiarudia silabi kama "bababa". Akikaribia mwaka hutamka neno la kwanza, na kufikia miaka miwili huunganisha maneno mawili. Kila sauti inayojibiwa huimarisha miunganiko ya seli za ubongo, ambao katika umri huo hukua kwa kasi kubwa.

Mama anayechambua mboga hahitaji muda wa ziada. Amweleze mtoto anachokifanya, anyamaze kidogo, angoje mguno wake, kisha amjibu. Huko kungoja ndiko kunakosahaulika zaidi, na ndiko ambako redio na simu haziwezi. Baba naye anaporudi na mifugo jioni ana mengi ya kusimulia.

Siku ya kliniki mtoto hupimwa uzito, hupewa chanjo na kadi yake hujazwa. Mhudumu aongeze swali moja, ikiwezekana kwa Kisukuma: "Mama, huwa unazungumzaje na mtoto?" Kisha amwache aoneshe. Dakika mbili za kutazama humfunulia mengi.

Kauli ya "hata baba yake alichelewa kuongea" isimtulize mhudumu. Mtoto asiyeshtushwa na kelele, asiyegeukia sauti akiwa na miezi sita, asiye na neno lolote akifikisha miezi 18, au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, apewe rufaa ya uchunguzi, kwanza wa masikio. Usaha wa sikio usiokoma hupunguza usikivu. Homa ya uti wa mgongo na malaria kali huweza kuacha uziwi, hivyo mtoto aliyepona magonjwa hayo afuatiliwe. Akithibitika kuwa kiziwi, familia isingoje umri wa shule: lugha ya alama ianze mapema, na walezi wajifunze pamoja naye.