Bei Hutokana na Soko, Haki Hutokana na Kipimo

Mlaji anayenunua viazi mviringo katika Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, au nyanya za Ilula mkoani Iringa, hukutana kila siku na nguvu mbili za uchumi: ugavi na mahitaji. Ugavi ni kiasi ambacho wauzaji wako tayari kukiuza kwa bei fulani. Mahitaji ni kiasi ambacho wanunuzi wanataka, na wanamudu, kukinunua kwa bei hiyo.

Kwa nini bei hubadilika?

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, takribani Novemba hadi Aprili au Mei. Mahindi huvunwa kwa wingi kuanzia Juni hadi Agosti. Ugavi huongezeka na bei hushuka. Ifikapo Januari na Februari akiba hupungua, ilhali walaji ni walewale, bei hupanda. Kupanda huko humpa mkulima sababu ya kuhifadhi sehemu ya mavuno, na humpa mfanyabiashara sababu ya kusafirisha mahindi kutoka penye wingi kwenda penye uhaba.

Bei bila kipimo ni nusu ya habari

Tuchukulie kwamba gunia la viazi la kilo 100 linanunuliwa shambani kwa shilingi 60,000, yaani shilingi 600 kwa kilo. Likifungwa lumbesa la kilo 130 kwa bei ileile, mkulima amelipwa takribani shilingi 462 kwa kilo. Kilo 30 zenye thamani ya shilingi 18,000 zimekwenda bure. Ndiyo maana kanuni zilizo chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, zinakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100.

Nafuu hiyo si lazima imfikie mlaji. Fungu la shilingi 1,000 likipungua kutoka kilo moja na robo hadi kilo moja, bei ya kilo imepanda kutoka shilingi 800 hadi 1,000, ingawa bei ya fungu haikuguswa.

Mlaji azingatie yafuatayo:

1. Aulize bei ya kilo, si bei ya fungu pekee.
2. Aombe bidhaa ipimwe kwa mizani yenye alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo.
3. Alinganishe wauzaji zaidi ya mmoja kabla ya kununua.
4. Atoe taarifa kwa Wakala wa Vipimo akishuku kwamba amepunjwa.

Jipime

Sado ya viazi yenye uzito wa kilo tatu na nusu inauzwa shilingi 3,500. Muuzaji wa jirani anapima kilo nne kwa shilingi 3,600. Nani anauza kwa bei nafuu?

*Jibu:* Wa pili. Kwake kilo ni shilingi 900. Kwa wa kwanza ni shilingi 1,000.